Olive Garden na mama kutoka Tanga: tulichokula na tulichokiepuka

Olive Garden, migahawa ya Marekani ya vyakula vya Kiitaliano, nimewapa nyota nne kati ya tano. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu Waislamu wa hapa Columbus, Ohio, ambao kila wakipata mgeni kutoka nyumbani huuliza: tukimpeleka Olive Garden, atakula nini? Atakula, tena atashiba. Ila menyu yao inataka kusomwa kwa makini, kwa sababu nguruwe na mvinyo vimeingia hata pale ambapo mtu hangevitarajia. Nyota ya tano nimeibakiza kwa kuwa nyama na kuku wao hawatangazwi kuwa ni wa kuchinjwa kihalali, kwa hiyo sehemu kubwa ya menyu sisi hatuigusi.

Tulikwenda Ijumaa jioni: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, wifi yangu, na mama. Mama hali nyama asiyojua imechinjwaje, na hilo kwake halina mjadala, awe nyumbani au ugenini. Kama nanyi mna mzee au mtoto mdogo, jiandikisheni kwenye foleni kupitia tovuti yao kabla ya kutoka nyumbani. Ijumaa jioni pale pana watu, na mzee hapendi kusimama mlangoni.

Supu ndiyo ya kuangalia kwanza. Ile inayoitwa Zuppa Toscana ukiiona haina neno: viazi, majani mabichi, mchuzi mweupe wa krimu. Humo ndani mna soseji ya nguruwe. Msiagize kwa kuangalia picha. Supu ya pasta e fagioli, ya tambi na maharage, ina nyama ya ng'ombe, na ile ya gnocchi, vidonge laini vya unga na viazi, ina kuku. Inabaki minestrone, supu ya maharage, mboga na tambi ndogondogo kwenye mchuzi wa nyanya, haina nyama kabisa. Mama aliionja kwa wasiwasi, akamaliza bakuli, akaletewa jingine. Na hapo ndipo napapendea: ukiagiza mlo mkubwa, supu au saladi huongezwa kadiri unavyotaka bila kulipia zaidi, na mikate yao mirefu pia. Kikapu cha kwanza huja na mkate mmoja kwa kila mtu, halafu mmoja wa ziada. Sisi saba tuliletewa minane, ya moto, laini, imepakwa kitunguu saumu na chumvi. Watoto waliishambulia kabla hata ya bismillah, baba yao akawasimamisha.

Kisha akaja mhudumu na kifaa cha kukwangulia jibini. Utaratibu wao ni kwamba anakukwangulia jibini juu ya supu au saladi mpaka wewe mwenyewe umwambie inatosha. Mama hakujua, na hata angejua sidhani kama angesema. Alikaa ametulia, mikono mapajani, anatabasamu, huku jibini likizidi kuanguka. Wifi akamnong'oneza, "Mama, mwambie basi." Mama akajibu, "Nimwambie basi, si ataona nimekataa riziki yake?" Yule kijana hakuelewa neno, lakini alielewa uso. Akasimama mwenyewe, akamwinamia kidogo, akauliza kwa upole kama aongeze. Nimehudumiwa sehemu za bei kubwa zaidi ya hapo bila kuona adabu ya namna ile, na kwa hilo peke yake ningewarudia.

Kwenye mlo mkubwa mama alichukua biringanya: vipande vilivyopakwa unga wa mkate na kukaangwa, juu yake sosi ya nyanya na jibini lililoyeyuka, pembeni tambi. Biringanya aliisifu sana. Tambi alizila, ila mama ni mtu wa Tanga, tambi kwake ni zile za futari, zenye sukari, nazi na iliki. Akasema, "Hizi wangezitia tui kidogo." Majirani zetu Wasomali wao hawana shida hii. Pasta wanaila nyumbani kila siku, na ndizi pembeni, tangu enzi za Waitaliano kutawala kusini mwa Somalia. Hapa Columbus wamejaa, na ukitaka pasta yenye nyama halali nenda kwenye migahawa yao.

Watoto walichukua fettuccine Alfredo, tambi pana zenye sosi nyeupe ya krimu. Asili yake ni Roma, kwa mpishi Alfredo di Lelio, na kule ni siagi na jibini la Parmesan tu. Krimu imeongezwa Marekani. Mimi naona krimu hiyo ni nyingi kwa mtu mzima, lakini watoto wangu wanaipenda na sahani zao zilirudi tupu. Mimi nilikula samaki wa salmon wa kuchoma na brokoli, chakula chepesi ambacho ningempa hata mgonjwa wa presha.

Sasa vya kuepuka. Kamba wa scampi, wa sosi ya kitunguu saumu, wametiwa mvinyo mweupe. Kuku wa Marsala jina lenyewe ni la mvinyo. Sosi ya nyama inayowekwa kwenye lasagna, tambi bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka, haina ng'ombe peke yake, ina na soseji ya nguruwe, kwa hiyo ile sahani maarufu ya Tour of Italy, yenye lasagna ndani yake, iacheni. Kwa tiramisu, kitindamlo chao cha kahawa na krimu, ulizeni kama ina pombe kabla ya kuagiza. Mhudumu wetu tulipomuuliza hakubahatisha, alikwenda jikoni akarudi na jibu. Halafu kile kidude cha kulipia kilichopo mezani kina michezo ya watoto, lakini michezo ina ada inayoongezwa kwenye bili. Waambieni watoto mapema.

Bili ililetwa na chokoleti ndogo za mnanaa, moja kwa kila mtu, na tukaomba maboksi ya kubebea kilichobaki. Mama akauliza bakshishi ni ya nini ikiwa chakula kimeshalipiwa. Mume wangu akamweleza kwamba sheria ya Marekani inaruhusu mhudumu wa mezani alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991. Ohio wanalipa zaidi ya hapo, lakini bado ni nusu tu ya kima cha chini cha wafanyakazi wengine. Bakshishi ndiyo mshahara wao. Tulishaweka asilimia 20. Mama akafungua kibindo chake, akatoa dola tano zake mwenyewe, akampelekea yule kijana mkononi.