Kabati jipya Marekani: soma muhuri wa bodi kabla ya kulipa

Unatengeneza kabati la jikoni au kitanda cha mtoto ukiwa Marekani? Bei na rangi zisubiri kwanza, angalia muhuri. Bodi nyingi za kiwandani hushikwa na gundi ya yurea-fomaldehaidi, ambayo hutoa gesi polepole ndani ya nyumba. Gesi hiyo huwasha macho na koo, na tangu 2004 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, inaihesabu kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Muhuri unaotakiwa kisheria ni TSCA Title VI, yaani sheria ya Marekani inayoweka kikomo cha fomaldehaidi inayotoka kwenye bodi.

Mbao nzima ya mti siihesabu hapa, kwani haina gundi hiyo. Kwa bodi, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza ni plaiwudi yenye alama ya NAF, yaani gundi yake haikuongezwa fomaldehaidi. PureBond ya Columbia Forest Products, kwa mfano, hutumia gundi ya soya. Mti wenyewe una fomaldehaidi kidogo ya asili, kwa hiyo usitegemee sifuri kamili, lakini chumba cha mtoto nisingekiwekea bodi ya chini ya hii.

Ya pili ni plaiwudi ya kawaida ya mbao ngumu. Kikomo chake kisheria ni sehemu 0.05 za gesi hiyo kwa kila sehemu milioni za hewa.

Ya tatu ni chipubodi, yaani bodi ya chembe za mbao, kikomo 0.09. Chagua iliyofunikwa melamini pande zote mbili, na kingo zake zizibwe.

Ya mwisho ni MDF, bodi ya nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa: kikomo 0.11, na ile nyembamba isiyozidi milimita 8 inaruhusiwa hadi 0.13. Mafundi wanaipenda kwa sababu inachongeka vizuri na kushika rangi. Tatizo ni kwamba kila unapoikata au kuichonga unafungua sehemu mpya ya kutolea gesi, na joto na unyevu, vitu visivyokosekana jikoni, huizidisha. Ikibidi uitumie, ziba kila ukingo na kila tundu, kisha acha madirisha wazi kadiri uwezavyo.

OSB (bodi ya vipande vipana vya mbao vilivyogundishwa) na plaiwudi ya kujengea paa na kuta zimesamehewa sheria hii, maana gundi yake ya fenoli hutoa gesi kidogo sana. Usishtuke zikikosa muhuri.

Muuzaji akikuonyesha alama ya E1 peke yake, hilo ni daraja la Ulaya na halitoshi Marekani. Mwombe lebo ya TSCA Title VI ya mzigo huo. Akishindwa kuileta, nunua kwingine.