Ubao wa chaki wa kujitengenezea: uzoefu wangu wa kumfundishia binti yangu nyumbani

Nianze na jibu, maana najua mzazi anayetafuta habari hizi anataka kujua kwanza kama kazi yenyewe inastahili jasho. Inastahili. Kwa mtoto anayejifunza kuandika, ubao wa chaki uliotengenezwa kwa uangalifu umetufaa kuliko ule ubao mweupe wa kalamu za wino tulioanza nao, na umetupunguzia sana kununua madaftari ya kufanyia mazoezi.

Binti yangu yuko darasa la pili na ana selimundu. Zipo wiki anakwenda shule kama wenzake, na zipo wiki maumivu yanamshika tukabaki nyumbani au tukawa kliniki. Siku hizo mwalimu wake hunitumia kwa simu kile walichosoma, nami namfundisha sebuleni kwetu hapa Dar es Salaam. Vitabu vya kiada napakua bure kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini kurasa za kwenye simu ni ndogo na mtoto anachoka macho haraka. Nilihitaji mahali pakubwa pa kumwandikia, na yeye apate mahali pakubwa pa kuandika.

Ubao mweupe ulitushinda kwa mambo mawili. La kwanza ni kalamu: kifuniko kikisahauliwa usiku mmoja, asubuhi imekauka. La pili ndilo kubwa zaidi. Uso wake unateleza. Mtoto akianza herufi "s", mkono unakimbia kabla hajaamua pa kukunja, na herufi inatoka imelala. Chaki haimruhusu hivyo. Inakwaruza kidogo, mkono unapunguza mwendo, na anahisi kila kona anayopita. Naona tofauti hata kwenye daftari lake: mwandiko umesimama wima, na nafasi kati ya neno na neno zimeanza kulingana. Katika hatua ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kabla hujaanza habari za insha na ufahamu, mkono wenyewe ndio unaofundishwa.

Sasa tuje kwenye utengenezaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaanza na rangi wakati kinachoamua ubao mzuri ni kilicho chini ya rangi.

Nilikwenda Keko kwa mafundi seremala, nikamwomba mzee mmoja vipande vya mabaki ili nijaribu kabla ya kukata bao zima. Alinipa plaiwudi, hadibodi na MDF, ile mbao ya kiwandani ya unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi. Nikavipaka rangi ileile nyumbani, nikaviandikia. Plaiwudi ni imara na haiogopi kugongwa, lakini nyuzi za mti zinajitokeza kwenye rangi hata ukipiga msasa, na chaki ikipita juu yake inarukaruka. Ukitaka kuitumia, ijaze kwanza kwa filla, ule uji mzito wa kuzibia mashimo, uipige msasa, ujaze tena. Hadibodi ina upande mmoja laini sana, ni nyepesi na ya bei nafuu, ila ni nyembamba mno. Kipande kikubwa kinapinda kama hakina fremu na mbao za kukishikilia kwa nyuma. Kwa ubao mdogo wa kushika mkononi, hiyo hadibodi ndiyo ningemshauri mtu yeyote. Kwa ubao wa ukutani nilichagua MDF ya milimita 9. Uso wake umenyooka, hauna nyuzi, na chaki inapita bila kukwama.

MDF nayo ina udhaifu wake, na kwa sisi wa pwani usipuuzwe. Kingo zake zinanyonya maji. Unyevu ukiingia pembeni, ubao unavimba, na ukishavimba haurudi. Kwa hiyo kingo zote nne tuliziziba kwa andakoti, rangi ya awali ya kutangulia, mara mbili kabla ya kugusa uso, na nyuma pia tukapaka, maana ukuta wetu unatoa jasho wakati wa masika. Halafu fundi akatuwekea fremu ya mbao kuzunguka.

Bao zima la MDF ni futi 4 kwa 8. Tulilikata katikati, tukapata mraba wa futi 4 kwa 4, na nusu iliyobaki ikawa rafu ya vitabu. Mraba huo unakaribia kilo 10, kwa hiyo usiutundike kwa msumari mmoja. Tumia skrubu ndefu zenye plagi zake ndani ya ukuta, na uchague urefu wa mtoto, si wako. Katikati ya ubao wetu ipo sawa na macho ya binti yangu akiwa amesimama. Mimi ndiye ninayeinama. Angalia pia dirisha liko wapi: mwanga ukitokea ubavuni mtoto anasoma vizuri, ukitokea mbele ya ubao moja kwa moja unamulika na maandishi yanapotea.

Msasa: namba 120 kwanza, kisha 220, halafu ufute vumbi lote kwa kitambaa kikavu. Kila mkono wa rangi ukikauka, pitisha tena ule wa 220 kwa wepesi, bila kukandamiza. Yule mzee wa Keko aliniambia, "Mama, usione uvivu kwenye msasa, rangi haifichi kitu." Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye kile kipande cha plaiwudi.

Kuhusu rangi, nimetumia aina mbili na zote nazifahamu sasa. Ubao mkubwa nimeupaka rangi ya ubao ya kopo, ile inayouzwa kwa ajili ya mashule. Kibao chake cha mkononi nimekipaka rangi ya kuchanganya mwenyewe: kikombe 1 cha rangi ya maji nyeusi isiyong'aa, na vijiko 2 vya chakula vya grauti isiyo na mchanga, ule unga wa kujazia nafasi kati ya marumaru. Changanya kidogo kidogo, kiasi cha kutumia papo hapo, kwa sababu grauti inaganda. Koroga mpaka mabonge yaishe, kisha uchuje kwa kipande cha chandarua kuukuu. Bonge moja dogo likibaki, chaki itakuwa inajikwaa hapo kila siku.

Nikizilinganisha, rangi ya kuchanganya inaandikika kwa ulaini zaidi na chaki inaonekana nyeupe kweli. Lakini inachakaa mapema, na ukiiosha mara kwa mara inageuka kijivu. Ya kopo ni ngumu na inavumilia. Kwa ubao utakaotumika kila siku, nunua ya kopo. Kama ni wa kujaribia, au mtoto ni wa awali na anachorachora tu, hiyo ya kuchanganya inatosha kabisa. Usinunue rangi nyeusi ya mafuta inayong'aa hata muuza duka akikuhakikishia kwamba nyeusi ni nyeusi. Chaki inateleza juu yake, na uso unameremeta mpaka mtoto analazimika kuinamisha kichwa ili asome.

Tulipaka mikono mitatu kwa rola ndogo ya sponji, mmoja wa kwenda juu na chini, unaofuata wa kwenda kulia na kushoto, ili michirizi isijipange upande mmoja. Milango na madirisha vyote wazi, na binti yangu tulimpeleka kwa shangazi yake mpaka harufu iishe.

Wapo watakaouliza kuhusu njia ya zamani. Nilisoma shule ya kijijini ambako sisi wanafunzi ndio tuliokuwa tukitwanga mkaa wa betri kuukuu pamoja na majani ya viazi vitamu, tukasugua ubao mpaka ukawa mweusi tii. Ulifanya kazi, na nawaheshimu walimu waliotufundisha kwa walichokuwa nacho. Ila ndani ya betri kuna kemikali za manganizi na zinki ambazo sitaki mikono ya mtoto izishike. Mkaa wa kawaida wa kuni ukisagwa laini na kuchanganywa na majani hayohayo unatoa weusi mzuri tu, ingawa itabidi urudie mara kwa mara.

Rangi ikikauka, ubao bado hauko tayari. Ungoje angalau siku 3, na kipindi cha mvua uongeze. Kipimo changu ni pua: nikisogeza uso karibu na bado nasikia harufu ya rangi, sigusi. Kisha kuna hatua ambayo haiandikwi kwenye kopo nililonunua, nayo ndiyo inayolinda ubao kuliko nyingine yoyote. Chukua chaki nzima, uilaze ubavu, uusugue ubao wote kwenda juu na chini, halafu tena kulia na kushoto, mpaka uwe umefunikwa na weupe. Ufute kwa kitambaa kikavu. Unga wa chaki unajaza vitundu vidogo vya rangi mpya. Bila hivyo, neno la kwanza utakaloandika linazama ndani ya vitundu hivyo na kivuli chake kinabaki hapo, hata ufute namna gani. Fanya hivyo tena kila ukiupaka rangi upya au ukiuosha kwa maji mengi.

Matunzo ya kila siku ni mepesi. Nafuta kwa kitambaa cha fulana kuukuu, kutoka juu kwenda chini ili vumbi lishuke kwenye kidaraja cha fremu badala ya kuruka. Jioni nalipangusa vumbi hilo kwa kitambaa chenye unyevu. Mwishoni mwa wiki napitisha kitambaa kilichokamuliwa sana kwenye uso wote, naacha ukauke kabisa, ndipo tunaandika. Sabuni siitumii, wala mafuta ya kung'arishia samani. Vyote vinaacha utando na chaki inakataa kushika. Maandishi ya leo hayalali mpaka keshokutwa, kwa sababu chaki ikikaa muda mrefu, hasa hewa ikiwa na unyevu, inang'ang'ania.

Vumbi ndilo lililonitia wasiwasi zaidi kabla sijaanza, kwa sababu kifua cha mtoto mwenye selimundu hakichezewi. Kwa hiyo kufuta ni kazi yangu, naye anasogea dirishani. Natumia chaki zilizoandikwa kuwa hazina vumbi. Vumbi lipo, ila chembe zake ni nzito na zinaanguka chini badala ya kuelea. Dasta hazigongwi ndani ya nyumba. Na baada ya somo ananawa kwa maji ya uvuguvugu, maana baridi inaweza kumwamshia maumivu. Kama mtoto wako ana pumu, muulize daktari wake kwanza kabla ya kununua chochote.

Chaki zenyewe zinatofautiana sana. Za bei ya chini kabisa mara nyingine zina vijiwe vinavyokwaruza rangi, na mkwaruzo hautoki bila msasa. Jaribu moja dukani kwenye kiganja. Ikiacha unga laini, chukua. Nafurahi nikipata chaki za Maswa, mkoani Simiyu, zinazotengenezwa na vijana wa huko, kwa sababu jasi, madini ya kutengenezea chaki, tunayo wenyewe nchini, Makanya na Itigi, na sioni kwa nini chaki zetu zitoke mbali. Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na punje chache za mchele mkavu, la sivyo unyevu wa Dar unazilegeza na zinavunjika mkononi. Ikipiga kelele ya kuumiza meno, ivunje katikati na uiinamishe, kelele inakoma.

Kuna jambo moja ambalo limetusaidia sana kwenye mwandiko. Nusu ya chini ya ubao nimeichora mistari ya kudumu kwa rangi ya njano na brashi nyembamba, kila mstari umeachana na mwenzake sentimita 5. Kabla ya hapo nilichora mistari kwa chaki iliyolowekwa kwenye maji ya sukari. Ikikauka haifutiki kwa kitambaa kikavu, mpaka uilowanishe, kwa hiyo unaweza kufuta maneno na mistari ikabaki. Ni njia nzuri kama hutaki rangi, lakini sukari inaita sisimizi, na ubao lazima uwe umeshazoea chaki, usiwe mpya.

Kwa nani siushauri? Kwa mwenye chumba kimoja kisicho na dirisha, kwa sababu ya vumbi. Na kwa aliyepanga nyumba ambako mwenye nyumba hataki matundu ukutani, ingawa hapo hadibodi yenye miguu ya kuegemea inaweza kumtosha. Kupaka ukuta wenyewe kunapendeza, lakini bila kuuskimu, yaani kuulainisha kwa plasta nyembamba, vizuri kwanza unapata ubao wenye mawimbi, na ukihama unauacha.

Rangi ikianza kupauka pale mkono wa mtoto unapopita zaidi, si lazima kuanza upya. Msasa wa 220 juu ya uso wote, ufute vumbi, mkono mmoja wa rangi, ungoje, usugue chaki. Mimi nafanya hivyo mwezi wa kwanza au wa pili, wakati jua ni kali na kabla masika ya mwezi wa tatu hayajaanza, kwa sababu rangi inayokaukia kwenye hewa kavu inakuwa ngumu zaidi.