Fundi wa Ngamiani aliyeiponya kompyuta yangu ya kurekodia

Narekodi kaswida za watoto wa madrasa hapa Tanga. Kwa miezi miwili kila rekodi ilitoka na mkwaruzo, tk, tk-tk, hasa nikiwa nahamisha mafaili kwenda kompyuta ya pili kwa waya wa mtandao. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya, akachukua elfu thelathini, mkwaruzo ukabaki palepale. Wa pili akasema kadi ya sauti imekufa, ninunue nyingine. Nilikaribia kununua.

Huyu wa Ngamiani, kabla hajashika bisibisi, aliniuliza, "Dada, kitabu cha madabodi unacho?" Madabodi ndiyo bodi kuu ya kompyuta; bahati kitabu chake nilikuwa nacho. Akafungua orodha ya vifaa ndani ya Windows XP, akanionyesha: kadi ya sauti na kadi ya mtandao, zote mbili IRQ 17, yaani laini moja ya kumwita prosesa.

Akanieleza vizuri mno. Kadi ikiwa na jambo hupiga hodi kwa prosesa kupitia laini yake. Zikipiga hodi mlango mmoja, Windows inabidi iulize dreva (programu inayoendesha kadi) moja baada ya nyingine, "Ni wewe?" PCI, njia ambayo kadi hizi huungwa na madabodi, inaruhusu kadi kuchangia laini, kwa hiyo hilo peke yake si ubovu. Ila dreva ya mtandao ikijivuta, kadi ya sauti inangoja, bafa yake, yaani akiba ndogo ya sauti, inaishiwa, na hapo ndipo unasikia tk-tk.

Mimi nikasema basi tubadilishe namba kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka. Akakataa kwa upole: XP ikitumia ACPI, mfumo wa kusimamia vifaa na umeme, hugawa laini yenyewe, namba ulizoweka kule haizitazami. Kwa mashine yangu kinachoamua ni sloti (tundu la kuchomekea kadi) gani imeungwa na laini gani kwenye madabodi, na hilo limo kitabuni, kwenye jedwali dogo ambalo sijawahi kulisoma. Sloti ya 1 inachangia na kadi ya video. Ya 2 na ya 5 ni laini moja, na kadi zangu zilikaa humo humo! Ya 3 iko peke yake.

Akazima umeme, akachomoa waya wa ukutani, akahamishia kadi ya sauti sloti ya 3. Tukawasha: IRQ 18. Nikarekodi dakika arobaini huku mafaili yakihama, nikasikiliza kwa hedifoni mpaka mwisho. Safi kabisa.

Alinitoza elfu kumi na tano. Risiti hatoi, na Ijumaa mchana hafungui, kwa hiyo panga siku yako. Kibanda ni kidogo, utasubiri nje umesimama. Mimi ningesubiri tena.

Kabla hajafunga kasha alibandika kipande cha utepe ndani ya mfuniko, akaandika kwa kalamu: "SAUTI 3. MTANDAO 2. YA 5 USIGUSE."