Farasi Anayevuta: Malijamu Manne na Mikanda ya Pua Mitatu

Karibuni tena. Leo meza imejaa chuma na ngozi: malijamu, yaani vyuma vya kumtia farasi mdomoni, na mikanda ya kufunga puani. Kila mnachokiona hapa kimeshavaliwa na farasi wangu mmoja, dume aliyehasiwa, miaka 11. Bandani hana neno, hata mtoto anampiga brashi. Mtoe uwanja wazi, awaone wenzake wanapiga shoti mbele yake, basi tena: shingo inakuwa mti, mdomo unafunguka, na mimi nabaki nimening'inia kwenye vigwe, zile kamba za kumwongozea, kama mtu anayevuta jahazi peke yake.

Kabla hujanunua chochote, angalia meno. Mimi nilinunua kwanza, nikamwita daktari baadaye, na daktari akakuta ncha kali za magego zimemchubua mashavu kwa ndani. Zikapigwa tupa, na nusu ya ugomvi wetu ikaisha siku ileile bila chuma kipya. Tandiko linalobana mgongo nalo humfanya farasi akimbie maumivu, ukadhani ana kiburi. Na nafaka nyingi kwa kazi kidogo... hiyo mnaijua wenyewe.

Haya, chuma. La kwanza ni hili la pete zinazozunguka, lenye kiungo kimoja katikati. Ndilo wengi tunaanza nalo. Tazama nikivuta pande zote mbili: linakunjika kama koleo, linaubana ulimi, na kwa farasi mwenye kinywa kifupi kwa juu, ile ncha inaweza kumgusa kaakaa. Wangu alikuwa anafungua mdomo kulikwepa, halafu analiegemea. Sina la zaidi hapa, lilitushinda.

La pili lina viungo viwili, na katikati kuna kipande laini kama punje ya kunde. Sogeza kamera kidogo. Ona nikilizungusha kwenye mkono wangu: halichomi, linalala. Unene wake ni milimita 14, na hapa kuna imani moja nataka tuizungumze. Watu husema lijamu nene ni la upole. Ni kweli kwamba jembamba likivutwa linakata zaidi. Lakini fungua mdomo wa farasi uone: ulimi umejaa kila mahali, nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Ukimtia bomba nene hana pa kuliweka, anatafuna siku nzima, nawe unasema ana fujo. Kipimo cha upana: likiwa limenyooka kinywani, ibaki kama nusu sentimita kila upande, pete zisifinye pembe za midomo.

Sasa hili, lijamu la pete tatu. Ukiwa na farasi anayevuta, hili ndilo rafiki yako atakuletea mkononi, na ndilo mimi nilikopeshwa. Linafanya kazi kwa nyenzo. Ukifunga kigwe kwenye pete ya chini na kuvuta, lijamu linazunguka, mkanda wa shavuni unavutwa chini, na uzito unaangukia utosini, nyuma ya masikio. Wakati huohuo chuma kinapanda kwenye pembe za mdomo. Kwa hiyo farasi anaambiwa mambo mawili kwa pamoja: shusha kichwa, inua kichwa.

Siku mbili za mwanzo, jamani, breki! Nikajiona mpanda farasi hodari. Wiki ya tatu akagundua njia: anakunja shingo, kidevu kinagusa kifua, chuma hakimgusi pale kinapotakiwa, na anaondoka vilevile, safari hii haoni mbele vizuri. Farasi anayekimbia bila kuona anakokwenda ni hatari kuliko anayevuta. Ukilazimika kulitumia, funga vigwe viwili: kimoja pete kubwa, kimoja pete ya chini, na hiki cha chini kiwe kimelegea mpaka pale unapokihitaji. Kwenye dresaji ya kawaida, yaani mashindano ya miondoko ya farasi, halikubaliwi, soma kanuni za mchezo wako kabla ya kulipa kiingilio.

La nne ni Pelham, yenye fimbo ya chuma isiyo na kiungo na mnyororo wa kidevuni. Mnyororo uzungushe mpaka pingili zote zilale bapa, kisha uvute kigwe cha chini: ukaze pale mkono wa lijamu, kile chuma kirefu cha pembeni, ukifika kama nyuzi 45, si kabla. Ukikaza mapema, kila mguso wa mkono wako ni adhabu. Farasi wangu huyu ametulia sana na chuma kisichokunjika. Tatizo ni vigwe viwili mkononi, na kuna siku nilivichanganya nikavuta cha chini kwenye kona. Akasimama ghafla. Mimi sikusimama.

Tuje kwenye mikanda ya pua, maana hapa ndipo nilipokosea zaidi. Mkanda hauongezi breki. Kazi yake ni kumzuia asifungue mdomo sana au kupishanisha taya ili alikwepe lijamu. Mimi nilikuwa na ule wa kawaida wenye kamba ya pili ya kupita chini ya lijamu, na kila alipovuta niliongeza tundu moja. Siku moja nikamvua, nikapitisha kidole juu ya pua: manyoya yamelala kwenye mfereji, ngozi ina joto. Nilikuwa nimemfunga mdomo kama gunia.

Wala sikuwa peke yangu. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulipima farasi 750 wa mashindano kwa kipimo cha vidole viwili kati ya mkanda na pua. Asilimia 44 kipimo hakikuingia kabisa, na waliobaki na nafasi ya vidole viwili walikuwa asilimia 7 tu. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, tangu 2025 linatumia kifaa chake, na nafasi inayotakiwa ni sentimita 1.5. Pima hapa, juu ya mfupa wa pua. Usipime pembeni, pale pana nyama laini na vidole vitaingia hata kama mkanda unamuumiza.

Nikalegeza matundu mawili. Alipunguza kuvuta siku hiyohiyo. Naapa.

Mkanda wa chini, huu mwembamba, ukae vidole vinne juu ya matundu ya pua. Ukishuka zaidi unakaa pale mfupa ni mwembamba na unambana pumzi, na farasi hapumui kwa mdomo hata akitaka. Wa mwisho ni huu wa msalaba. Makutano yake yanakaa juu ya mfupa wa pua, kamba za juu zinapita chini ya shavu, kwa hiyo pua inabaki huru kwenye shoti ndefu. Kwa farasi anayepishanisha taya, nauchagua huu mbele ya ule wa kamba mbili.

Basi mimi nimebaki na lijamu la punje pamoja na mkanda wa msalaba, uliolegea, kwa kazi za kila siku. Pelham naitoa tukienda uwanja wazi na wenzake. Na mkono umebadilika: nashika, naachia, nashika, naachia. Ukivuta mfululizo unampa kitu cha kuegemea, na mnyama wa kilo 500 hutamshinda kwa kuvutana.

Haya, anasubiri nje, tandiko liko mgongoni. Kamera naiacha hapa kwenye uzio. Mkiniona napita mara ya pili bila kusimama, mjue nimerudi kwenye ndoo ya malijamu.