Matembezi ya Okidi katika Msitu wa Ngezi, Pemba

Tangazo lililonifikia lilikuwa na picha ya ua jeupe, kubwa kama kiganja, na chini yake mwaliko wa kwenda kuona okidi za porini za Pemba, mimea ya maua ambayo mingi huishi juu ya miti. Nilikuwa Wete kwa shughuli za kifamilia mwanzoni mwa Disemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kunyesha vya kutosha, nikaona nisiiache nafasi hiyo ipite. Nililipa shilingi 60,000 kwa matembezi ya nusu siku, zikiwemo gari, kiingilio na mwongozaji. Nilichokipata hakikufanana hata kidogo na tangazo, na kwa maoni yangu kilikuwa bora kuliko tangazo lenyewe.

Nianze na kasoro. Gari iliyoahidiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ilifika saa tatu kasorobo, na dereva hakuona haja ya kutuomba radhi. Kwa mtu anayekwenda ufukweni Vumawimbi kuogelea huenda kuchelewa huko kusimuudhi, lakini kwa mwenye kutafuta okidi ni hasara, kwa sababu nyingi kati ya zile zenye maua meupe hutoa harufu yake usiku ili kuwavuta nondo, na jua likishapanda pua haina tena la kumwambia mtu. Tulipita Konde bila kusimama, na tulipoingia msituni kulikuwa na joto la kutosha kututoa jasho kabla hatujatembea hatua mia.

Mwongozaji ndiye aliyeiokoa siku. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa vijiji vya jirani, mwenye mwendo wa taratibu na macho yasiyotulia. Nusu saa nzima mimi nilikuwa nikitazama juu kutafuta rangi, na sikuona chochote isipokuwa mivule na ile miti ya jamii ya mnazi iitwayo mipapindi, ambayo asili yake ni Pemba. Akasimama akaniambia, “Mwanangu, ukitafuta ua utarudi mtupu. Tafuta mizizi.” Kisha akanionyesha tawi lililoanguka, limeviringwa na nyuzi nene za kijivu ambazo ningeapa kuwa ni kamba kuukuu. Alizimwagia maji kidogo kutoka kwenye chupa yake, na mbele ya macho yetu zikageuka kijani. Alieleza kwamba mizizi hiyo imevaa ngozi kama sifongo, inayokunywa mvua na umande, na kwamba okidi inaukalia mti tu bila kuunyonya, tofauti na wengi wetu tunavyodhani.

Tangu hapo nikaanza kuona. Kilichonishughulisha zaidi ni mtambaazi wa kijani usio na majani, unene wake kama kidole, uliopanda mti kwa kujishikiza kwa vijizizi vyake. Huyo ni vanila wa mwituni, naye pia ni okidi, ndugu wa vanila tunayoijua katika mashamba ya viungo ya Unguja. Wataalamu waliwahi kuipa aina mojawapo ya jamaa hii jina la Vanilla zanzibarica. Ile ya shambani asili yake ni Amerika, na huku kwetu haizai kwa kutegemea bahati: kila ua huchavushwa kwa mkono, kwa njia aliyoigundua Edmond Albius mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili na mtumwa. Mkulima wa viungo atakayefika Ngezi na kuuona mmea huu ukijiendea wenyewe msituni atapata faida ambayo mgeni wa kawaida hataipata.

Maua yenyewe? Tuliyaona kwenye mimea mitatu tu, yote madogo na meupe, yakiwa na mkia mwembamba nyuma unaohifadhi asali. Nilipomwonyesha mwongozaji ile picha ya tangazo alicheka, akasema hilo ni ua la kupandwa kwenye chungu, la kununuliwa dukani.

Jambo moja linapaswa kurekebishwa haraka. Mwenzetu mmoja katika msafara aliomba kuchukua mche mmoja, na msaidizi aliyetumwa na kampuni alikuwa tayari kuubandua. Mwongozaji alikataa katakata, na alikuwa na haki. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, nayo haiwezi kuota porini isipokutana na aina ya kuvu itakayoilisha, kwa hiyo mche mmoja mkubwa si kitu cha kurudishwa upesi. Isitoshe, biashara ya okidi za porini baina ya nchi inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Msaidizi wa namna hiyo angefaa kubakia garini.

Anayetaka okidi za mlimani zilizotanda uwandani aende Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, ambako watu hupaita Bustani ya Mungu. Ngezi ni msitu wa nyanda za chini, na raha yake ni ya mwenye subira. Ningelipa tena shilingi 60,000, kwa masharti mawili: nimpate mwongozaji yule yule, na gari niitafute mwenyewe Konde.