Waridi la jangwani toka kitalu cha barabarani: chukueni la kienyeji, la kubebesha muachieni mwenyewe

Wadau wa maua habari zenu. Ukipita Bagamoyo Road hapa Dar toka Mwenge kwenda Tegeta siku hizi vitalu vyote mbele kabisa wamepanga dezeti rozi, yaani waridi la jangwani, mekundu, meupe, yenye mistari, mengine petali tabaka kwa tabaka, na bei ukitajiwa lazima uulize mara ya pili kama umesikia vizuri. Mimi nilinunua kwenye kitalu kimoja maeneo ya Mbezi Beach, jina sina hata la kuwapa maana bango hana, nikabeba miche miwili, mmoja wa kienyeji wa pinki ya kawaida na mmoja wa kubebesha, yaani aina moja imeungwa juu ya shina la nyingine, ambao jamaa aliusifia kwamba ni mbegu ya Thailand. Masika yamepita nao na kiangazi kimepita nao, kwahiyo sasa naweza kuongea.

Niseme mapema kwa wasiopenda kusoma marefu: wa kienyeji niliuchukua elfu 12 kwenye kiriba na uko fiti mpaka leo, wa kubebesha waliutaja elfu 50 nikashusha mpaka 40 na ndo umenitoa jasho.

Kitalu chenyewe sio kibaya kabisa. Vijana wanakusaidia kubeba, wanakuitia bajaji, hawakununii ukizunguka nusu saa bila kununua kitu, na wamepanga kwa utaratibu unaona kila mti. Shida ya kwanza ni kwamba dezeti rozi zao nyingi zimewekwa chini ya neti nyeusi pamoja na feni na anthurium, sasa huu mti ni wa jua, jua kali la kutwa, ukikaa kivulini unarefuka matawi membamba majani makubwa maua hakuna. Yale yenye maua wanayatoa mbele barabarani ili uyaone, ya ndani ndo unauziwa. Kwahiyo ukienda usikubali "subiri nikutolee mwingine kama huo huo", chukua uliouona kwa macho yako, na uushike kabisa pale chini kwenye kitako, yaani lile shina nene lililovimba. Kitako kinatakiwa kiwe kigumu. Kikibonyea achana nao hata kama una maua ishirini.

Shida ya pili, na hii kwangu ndo kubwa, ni udongo. Yaani miche yote ile imepandwa kwenye udongo mweusi wa samadi na mfinyanzi, ukimwagia maji yanasimama juu kwanza yanafikiria, na poti ya plastiki ina katundu kamoja tena kameziba. Halafu wakati naondoka jamaa ananiambia "asubuhi na jioni mwagilia dada'angu, ua hilo, likikosa maji linakufa". Kaka yangu! Huu mti kwao ni wapi? Ukitoka Mombo kwenda Same, ukiingia Mkomazi, ukivuka huko Tsavo mpaka Samburu na Baringo, ndo kwao. Ni sehemu za mawe na vichaka vya miiba ambako mvua ikikata imekata kweli, na ndo hapo unaukuta hauna jani hata moja ila umejaa maua ya pinki juu ya jiwe. Unaenea toka Senegali huko ukanda wa Saheli mpaka kwetu, na ng'ambo upo Yemen na Oman upande wa Dhofar. Kile kitako kimevimba sababu ndo tangi lake la maji. Sasa mti wenye tangi lake mwenyewe unaumwagilia asubuhi na jioni, tena Dar, tena mwezi wa nne mvua inapiga, hapo mizizi inaoza wiki hiyo hiyo.

Kwahiyo gharama halisi ya mche wa pale haiishii kwenye elfu 12. Piga hesabu ya kuutoa kwenye ule udongo siku hiyo hiyo ukifika. Mimi huwa nachanganya mchanga mnene wa mto (sio wa baharini, una chumvi), kokoto ndogo zile za chipsi, mkaa uliopondwa pondwa na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu ikapoa, mchanga na kokoto ndo ziwe nyingi, zaidi ya nusu. Wengine wanatia pumba za mpunga zilizochomwa, nazo safi. Ukishautoa angalia mizizi, iliyooza kata, uache mti ukae kivulini siku kadhaa vidonda vikauke ndo upande, na ukishapanda usikimbilie kumwaga maji, subiri kidogo tena. Watu wanaona ni ukatili lakini mti wenyewe hauna habari.

Poti za simenti wanazouza pale elfu 15 ni nzuri kwa kweli, nzito haziangushwi na upepo, ila nyingi hazina tundu la maana, waambie wakutoboe palepale kabla hujalipa. Pana na fupi ni bora kuliko ndefu. Na kila ukihamisha unaweza kuinua mti kidogo mizizi minene ionekane juu, ndo unapata lile umbo watu wanalipigia picha.

Maji sasa. Sina ratiba na sipendi watu wanaotoa ratiba, maana kibaraza cha Sinza na paa la Mikocheni havikauki sawa. Ingiza kijiti kwenye udongo mpaka chini, kikitoka kikavu mwagia mpaka maji yatoke kwenye tundu, kikitoka na unyevu acha. Halafu bonyeza kitako: kigumu hakuna shida, laini na udongo mkavu mti una kiu tu mpe maji utajaa tena, laini na udongo umelowa basi unaoza, ung'oe leo leo sio kesho. Unakata mpaka ukute nyama safi isiyo na rangi ya kahawia, unaukausha wiki moja hata mbili, unaupanda upya. Unapona, mti mgumu huu. Masika mimi yangu naingiza chini ya bati upande wenye jua la asubuhi, basi.

Turudi kwa huyu wa Thailand. Kwa wasiojua, kubebesha ni kama kwenye miembe na parachichi, chini ni mche wa kawaida uliooteshwa kwa mbegu, juu wanabebesha kikonyo cha aina yenye maua ya fasheni. Ua lenyewe siwezi kudanganya lilikuwa zuri, jekundu la kuiva limejikunja tabaka tatu. Lakini nilipofika nao nyumbani nikaangalia vizuri pale kwenye kiungo, nailoni ya kufungia bado ipo, imebana imeingia kwenye ngozi, muuzaji hakuitoa na hakusema. Nikaitoa taratibu na wembe, kovu likabaki. Masika yalipokolea matawi mawili kati ya matatu yakaoza kuanzia pale pale, na chini ya kiungo yakaanza kuchomoza machipukizi kwa kasi ya ajabu, na hayo machipukizi ni ya mti wa chini, yaani pinki ya kienyeji. Usipoyakata yanameza ule wa juu, baada ya muda una mti wa elfu 12 ulionunua kwa 40. Nilivyorudi kuwaambia jibu lilikuwa "ulimwagilia sana hiyo". Mtu aliyeniambia asubuhi na jioni! Kubadilishiwa hakuna, hata punguzo la mche mwingine hakuna, wakanicheka cheka tu kiungwana.

Sisemi miche ya kubebesha yote ni mibovu. Kuna watu wanaibebesha vizuri sana kiungo hukioni. Ila hata ukipata mzuri umbo lake mimi halinivutii, chini kitako kinene juu vijiti vitatu vimechomekwa. Wa kienyeji unapanuka wenyewe kuanzia chini mpaka juu, kila mmoja na sura yake, na maua yake yale ya petali tano pembeni pinki katikati yamepauka, kwangu hayo yanatosha kabisa. Halafu yale mazito ya tabaka yakinyeshewa yanajaa maji yanaoza kabla hayajafunguka.

Kitu kingine hawasemi pale na kinaniudhi: utomvu wake ni sumu. Sio sumu ya kuwashwa tu, ni sumu ya moyo, Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanautumia kutengenezea sumu ya mishale. Sasa unamuuzia mama mwenye mtoto anayetambaa na mbuzi wawili uani bila kumwambia neno. Hamna haja ya kuogopa kuufuga, wengi wanao na wako salama, ila ukipogoa vaa glavu, usijishike macho, nawa, na matawi uliyokata usiyatupe mbuzi wanapopita.

Kupogoa kwenyewe usiogope. Maua yanatoka kwenye ncha mpya, kwahiyo ukikata tawi moja likatoa matatu una ncha tatu za maua. Kata ukiona hakuna mvua inayokuja, paka jivu kwenye kidonda. Mbolea kidogo tu, ile NPK 17-17-17 nusu kijiko cha chai pembeni mwa poti kila baada ya mwezi inatosha, urea hapana, utapata majani kama mchicha. Wadudu utakaowaona ni vidukari vya njano kwenye vikonyo vya maua, hao maji ya sabuni jioni wanaisha, na kuna kiwavi mkubwa wa kijani ana macho mawili ya bluu ya bandia, huyo usiku mmoja anamaliza majani yote. Mtoe kwa mkono. Majani yatarudi.

Na wale wanaonunua mbegu mtandaoni, jamani, waridi la jangwani la bluu HALIPO. Njano yapo, meupe yapo, mekundu mpaka karibu na weusi yapo, bluu ni picha imepakwa rangi. Mbegu nzuri ikiwa mbichi inaota ndani ya wiki, na ua la kwanza unaliona mwaka mmoja au mmoja na nusu hivi ukiulea juani. Mkipata mti umezaa, zile pembe mbili zifungeni uzi kabla hazijapasuka, mbegu zina manyoya huku na huku zikipasuka upepo unabeba zote. Na ni kwa mbegu tu ndo unapata kitako kizuri, tawi la kuchomeka linaota ila chini linabaki jembamba miaka.

Kuna mti mmoja mkubwa pale kitaluni wanautaja laki 3 na nusu, kitako kipana balaa. Niliuangalia mizizi yake, imekatwa kwa panga, ngozi ina makovu na kwa nyuma imekwaruzwa na mawe. Nilipouliza umetoka wapi kijana akasema "huko Same" akageukia mteja mwingine. Huo umeng'olewa porini, sihitaji kuambiwa. Mti wa hivyo umechukua miaka mingi kufika hapo, na mara nyingi ukishang'olewa namna ile unakufa kwako pole pole huku unaumwagilia. Msinunue, nao wataacha kuleta.

Alama: huduma nne kati ya tano, miche ya kienyeji nne, ya kubebesha mbili, ushauri wa utunzaji sifuri, nimejaribu kutafuta hata nusu nimekosa. Ukienda nenda siku ya kazi asubuhi, mwenye kitalu mwenyewe anakuwepo na anashuka bei kuliko vijana wake, jumapili wateja wa magari makubwa wameshawaharibu. Udongo wao wa mfuko wa elfu 5 wa "maua yote" usichukue.