Nyumba nyembamba ya mbao Tokyo: uzoefu wangu kama mpangaji

Naishi Setagaya, wilaya mojawapo ya Tokyo, na mume wangu na mtoto wetu, katika nyumba ya mbao ya ghorofa tatu ambayo upana wake hauzidi sana ule wa gari na mlango wake ukiwa wazi. Nyumba za namna hii zimejaa Tokyo kwa sababu ardhi ni ghali, na mara nyingi mzee akifariki, warithi hukata kiwanja vipande ili walipe kodi ya mirathi. Kwenye vipande hivyo ndiko wasanifu wa Kijapani wanakoonyesha ufundi wao.

Na ufundi upo kweli. Sakafu zimepishana kwa nusu ghorofa, ngazi zikipita katikati, kwa hiyo nikiwa jikoni namwona mtoto juu akiandika na mume wangu chini sebuleni. Ukuta wa jirani uko karibu kiasi cha kuugusa, lakini madirisha yamepandishwa karibu na dari, basi tunapata anga na jua bila kuchunguliana. Paa limekatwa mshazari. Nilidhani ni urembo, kumbe sheria inalazimisha jengo lisizibe mwanga wa jua barabarani, na msanifu akalitumia sharti hilo kutupa chumba cha kulala chenye dari inayopanda. Hapo nampa heko.

Bafu nalo nalipenda mno. Unajisugua na kujisuuza nje ya beseni, kisha unaingia kwenye maji ya moto ukiwa safi, na familia nzima hutumia maji yaleyale. Yakipoa, unabonyeza kitufe yanapashwa tena.

Kuhusu matetemeko, muulize dalali tarehe ya kibali cha ujenzi. Kanuni zilikazwa Juni 1981, na za nyumba za mbao zikakazwa tena mwaka 2000. Yetu ni ya baada ya hapo. Ardhi ikitikisika mbao hulia na taa huning'inia zikiyumba, lakini ukuta haujapata ufa.

Tatizo ni baridi, na hapa sitaki kuficha. Vioo ni vya tabaka moja, fremu ni za alumini, na joto lote la kiyoyozi hupanda kwa ngazi zile zile zilizo wazi. Januari sakafu ya chini huuma miguu, na asubuhi madirisha hutiririka maji hadi ukungu mweusi unaota pembeni. Feni ya kubadilisha hewa usiizime hata hivyo. Tangu 2003 sheria inaidai kwa sababu ya kemikali za gundi na mbao za viwandani.

Wapo wanaosema kuvumilia ni sehemu ya uzuri. Wanatolea mfano nyumba ya msanifu Tadao Ando ya mwaka 1976 kule Sumiyoshi, Osaka, ambako mvua ikinyesha unatoka chumbani kwenda chooni kwa mwavuli, maana ua wa katikati hauna paa. Naiheshimu kazi ile. Ila mwanga mzuri na joto havigombani, na mtoto hapaswi kulala na koti. Tangu Aprili 2025 nyumba mpya zote lazima zifikie kiwango cha kuhifadhi joto. Hii yetu haikubanwa na sharti hilo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukiwa na wazazi wazee tafuta nyingine, ngazi ni kali. Wengine, ulizeni kwanza kama vioo ni vya tabaka mbili, kabla hamjalipa amana na ile fedha ya shukrani ya mwenye nyumba, ambayo hairudi.